Breki Iliyokuwa Nzima

Siku ile liva ya breki ilibanwa na watu wasiopungua kumi na watano, na kila aliyeibana alitikisa kichwa akasema breki ni nzima. Aliibana Kisioki, mwana mkubwa wa mzee aliyekuwa amelala chini vumbini, ameuma ncha ya shuka yake asitoe sauti. Aliibana dereva wa pikapu iliyokuja kumchukua. Waliibana wachungaji wawili waliokuwa wameleta ng'ombe joshoni, akaibana na mwinjilisti wa mtaa, mtu ambaye nina hakika hajawahi kufungua hata nati ya kitanda. Mwisho nikaibana mimi. Ilikuwa ngumu, imesimama, inauma hata kabla kidole hakijakunjika, vilevile nilivyoitengeneza. Katika kundi lile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba robo saa nyuma breki ile haikuwapo kabisa.

Naitwa Penina Sumari, fundi wa baiskeli wa Kaloleni, chumba cha mbele, hatua chache kutoka uwanja wa mpira. Maneno laini sina. Anayeyataka aende kwa wauza vitenge. Kwa miaka kumi na mmoja watu wamekuwa wakiingia karakanani kwangu, wanachungulia nyuma ya mgongo wangu na kuuliza fundi yuko wapi. Huwa nawajibu kwamba fundi alikufa, nikamrithi spana. Wakishacheka wananiachia baiskeli, na wakishaipanda wanarudi na jirani zao. Ndivyo nilivyomlea na kumsomesha Brayson, mdogo wangu, baada ya baba yetu kufariki kule nyumbani, juu ya Kikatiti, akituachia migomba na kahawa kidogo.

Brayson ana mambo yake. Anaendesha baiskeli isiyo na kiti. Alipoileta mtaani mara ya kwanza walimwuliza kama kiti kimeliwa na panya. Lakini baiskeli za aina ile hazikutengenezwa kwa safari, zimetengenezwa kwa kurukia mawe. Anasimama juu ya pedali, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, anapanda ukuta unaonifika kifuani, na mguu wake haugusi chini. Siku hizi kila sikukuu wanamwita aje awarukie, na waliomcheka ndio wanaopanga foleni mbele.

Wasichokijua ni kwamba siri ya mchezo ule si kwenda, ni kusimama. Gurudumu likitua juu ya jiwe lazima life papo hapo. Likizunguka hata upana wa kidole, mtu anaacha meno. Kwa hiyo breki zake si za waya, ni za mafuta: ukibana liva, mafuta yanasukumwa ndani ya mpira mwembamba hadi kwenye kalipa, na kalipa, kwa pedi zake mbili, inaibana sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu. Mafuta yakiwa safi na upepo ukiwa umetoka wote, kidole kimoja kinatosha kumsimamisha mtu mzima.

Mwezi wa saba baridi ya Arusha huingia hadi kwenye mifupa, na mafuta yale huwa mazito. Brayson akawa analalamika kila asubuhi kwamba breki inachelewa. Nikamwuliza inachelewa kiasi gani.

"Kama mtu anayeitwa, dada, akaitika kwanza ndipo ageuke."

Mimi kitu kikinishinda sili. Nikaanza majaribio. Nilitia mafuta ya cherehani, liva ikawa inazama. Nilitia mafuta ya breki ya gari kwenye breki kuukuu, nikijua ni kosa, ili nione kosa lenyewe linafananaje. Baada ya siku mbili raba za ndani zilikuwa zimeumuka kama maharage yaliyolowekwa, na pistoni haitoki wala hairudi. Kisha nikakumbuka kuona kwenye simu vijana wa Ulaya wakitia maji. Maji ni mepesi, hayajui baridi wala uvivu. Nikayachemsha, nikayaacha yapoe, nikaongeza matone ya dawa ya rejeta ya gari yasile chuma. Kwa bomba la sindano la duka la dawa niliyasukuma kutoka chini kwenda juu, huku nikiugonga mpira kwa mpini wa bisibisi mpaka kipovu cha mwisho kikatoka. Nikafanya breki ya mbele na ya nyuma.

Brayson akaijaribu kwenye mawe ya msingi wa nyumba ya jirani. Aliporuka na kutua, gurudumu lilinyamaza kana kwamba limegundishwa. 

"Dada, umeitia nini?"

"Fundi hasemi," nikamjibu.

Hilo ndilo gonjwa letu sisi mafundi. Tukigundua kitu tunakilalia kama kuku mayai, hata ndugu wa tumbo moja tunamnyima. Aliyenifundisha kazi alikuwa akinigeuzia mgongo kila alipofika kwenye fundo la kazi, nami nikakua nikidhani kugeuza mgongo ni sehemu ya ufundi. Nilijua kwamba maji huchemka, sikuwa mjinga. Lakini Brayson hubana na kuachia, hubana na kuachia. Sahani zake hazipati hata uvuguvugu. Nani, nilijiuliza, atashuka mlima na baiskeli isiyo na kiti?

Nilipata jibu Jumamosi moja ya mwezi wa nane, Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima Meru. Brayson alikuwa amempenda Naipanoi, binti wa mzee Koikai, na binti alikuwa amempenda yeye. Mzee ndiye aliyekuwa hajakubali. Alikuwa amesikia kwamba kijana wa Kimeru anayemtaka mwanawe kazi yake ni kurukaruka, akatuma neno kwamba kama tunakwenda, twende na hicho kitu anachorukia, akione kwa macho yake. Tukaenda watu watatu: Brayson, mimi, na baba yetu mdogo Ephraimu, mzee wa kanisa, ambaye ndiye msemaji wetu. Baiskeli tuliifunga nyuma ya pikapu ya kukodi.

Mzee Koikai alikuwa amepita miaka sitini na tano, mwembamba, amenyooka. Katika ujana wake alikuwa akishusha maziwa mjini kwa baiskeli nyeusi ya chuma, madebe mawili nyuma, miaka kumi na tisa. Nilipoinamisha kichwa kumsalimu kama ilivyo desturi yao, alinigusa utosi kwa kiganja kigumu kama ubao.

"Mikono hii," alimwambia baba mdogo kabla hata hatujakaa, akimwonyesha viganja vyake, "haijawahi kumwaga kikombe cha maziwa."

Brayson akaruka. Alipanda juu ya ukingo wa tangi la maji, akageuka juu yake, akashuka. Watoto walishangilia. Mzee hakucheka, lakini nilimwona ameegemea mbele. Nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikaingia jikoni kuwasaidia wanawake, kwa sababu mahali pa ugenini hivyo ndivyo mtu wa heshima anavyofanya, hata kama nyumbani kwake anashika spana.

Mama Kisioki, mke wa mzee, alikuwa anakoroga makande kwenye sufuria kubwa. Maji yalikuwa yanatokota kwa kishindo, nikamwuliza kama niandae sahani. Akanicheka.

"Wewe mwanangu wa mjini, usione maji yanatokota ukadhani chakula kimeiva. Huku kwetu juu maji yana haraka. Yanachemka kabla hayajapata moto wenyewe. Makande haya yako jikoni tangu alfajiri."

Nilicheka pamoja naye. Kisha nikasikia sauti ya Brayson kule nje, ya upole, ya mtu anayemwelekeza mkubwa wake: "Ni kidole kimoja tu, baba, usibane kwa nguvu." Nikageuka kuelekea mlangoni.

Nilipotoka, mzee alikuwa tayari njiani mbele ya boma. Alikuwa ameomba ajaribu, na ni kijana gani aliyekuja kuposa atamnyima baba mkwe? Amejifunga shuka kiunoni, mguu mmoja juu ya pedali, uso umejaa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Baba mdogo alikuwa anapiga makofi. Mbele yao njia ya vumbi iliteremka hadi kwenye josho la ng'ombe kule bondeni, karibu kilomita mbili, kona tatu, na yote inaonekana kutoka pale tuliposimama.

Wakati ulikuwapo. Nataka niseme hivyo wazi, maana nimejaribu mara nyingi kujidanganya. Mtu angeweza kuhesabu hadi kumi bila haraka. Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Shuka, baba, breki ina maji? Mbele ya wakwe, mbele ya Brayson ambaye sikumwambia, mbele ya baba mdogo aliyekuwa ametumia nusu saa nzima kunisifu kwamba mjini hakuna fundi kama mimi? Nikajiambia hatafika mbali, atazunguka pale mbele na kurudi. Nikafunga mdomo. Mzee akasukuma mguu, akaenda.

Alishuka kama walivyoshuka wote enzi zile za breki za vyuma: ameshikilia tangu juu, haachii, anabana kidogo kidogo njia nzima. Ni ushukaji wa mtu mwangalifu aliyebeba maziwa. Ni ushukaji mbaya kuliko wote kwa breki niliyoitengeneza. Kona ya kwanza aliikata vizuri, watu wakashangilia. Ya pili aliikata vizuri. Nilianza kupumua. Kwenye kona ya tatu hakupunguza mwendo. Shuka nyekundu ilinyooka moja kwa moja nje ya njia, ikaingia kwenye uzio wa miiba na mbao za josho, na baadaye kidogo sauti ya mbao ikatufikia.

Nilikimbia hadi viatu vikanitoka. Mguu wa mzee ulikuwa umevunjika chini ya goti. Hakulia. Alikuwa ameinua mikono yake miwili mbele ya uso anaitazama.

"Nilibana," alisema. "Nilibana mpaka zikagota. Hakukuwa na kitu."

Kisioki akaiinua baiskeli, akabana liva zote mbili. Kisha wakabana wale wengine niliowataja. Maji yakichemka ndani ya breki huwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Lakini vyuma vikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na breki inafufuka kana kwamba haijawahi kufa. Ushahidi ulikuwa umejifuta wenyewe mbele ya macho yetu.

"Breki ni nzima, baba," Kisioki alisema, akachuchumaa karibu naye. Hakusema kwa dharau, alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Breki ni nzima. Ni mikono tu. Umri umekwenda."

Mzee akamtazama mwanawe, akatazama mikono yake, akairudisha chini ya shuka.

Siku tano baadaye baba mdogo Ephraimu alikuja karakanani uso unang'aa. Mzee Koikai alikuwa ametuma neno kutoka kitandani. Amesema amewaaibisha wageni, amekiharibu kitu cha watu kwa ubishi wa uzee, na hana tena uso wa kukataa. Twende tupange siku, binti tumepewa. Baba mdogo alimshukuru Mungu kwa sauti, palepale katikati ya matairi. Alisema heri ya mguu kuvunjika kuliko posa kuvunjika. Brayson alinikumbatia hadi akaninyanyua. Mimi nilikuwa nimesimama na spana mkononi.

Baba mdogo alipoondoka nilimwambia Brayson ukweli. Sikuzunguka. Aliketi juu ya kopo la grisi.

"Maji?"

"Maji."

"Na mimi niliipanda wiki tatu nzima."

"Wewe hushuki milima. Isingekufanya kitu."

"Ungeniambia, dada, nisingempa. Ningesema gurudumu limelegea, ningesema chochote." Alishika kichwa. Nilingoja anitukane, nilistahili. Aliponyanyua uso alikuwa mtu mwingine. "Sasa nisikilize. Usiseme. Mguu utapona. Ukisema, watatuambia tulimpeleka mzee wao kwenye kifo kisha tukasimama tunatazama. Naipanoi nitamkosa. Fundi hasemi, si ndivyo ulivyoniambia?"

Nilipigwa na maneno yangu mwenyewe. Nikaifungua breki ya nyuma nzima nzima, liva, mpira na kalipa, maji yake yakiwa ndani, nikaitundika ukutani. Sijui kwa nini sikuyamwaga. Ile ya mbele niliisafisha nikatia mafuta, na nyuma nikafunga breki nyingine yenye mafuta. Kila nilipoingia asubuhi nilikuta ile ya ukutani inanitazama.

Ningenyamaza. Najijua. Ningenyamaza hadi harusi, kisha hadi mtoto wa kwanza, kisha ningesahau. Aliyenivuruga ni Naipanoi mwenyewe. Alipita karakanani siku moja akitoka kununua uzi wa kushonea shanga, akakaa kwenye benchi, nikamwuliza hali ya baba.

"Mguu unaendelea vizuri, wifi," alisema. Tayari alikuwa ananiita wifi. "Lakini baba mwenyewe simwelewi. Fimbo amempa Kisioki. Alimwita tu akamwambia chukua ng'ombe, mimi mikono yangu imekufa. Mtoto wa Kisioki akiletwa kwake anakataa kumpakata, anasema atamwangusha. Chai tunamwekea, haigusi. Anangoja tutoke wote, ndipo anyanyue kikombe kwa mikono miwili. Mama alimchungulia mlangoni akamwona."

Spana ilinianguka ikagonga sakafu. Naipanoi aliruka kwa mshtuko, akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimejihesabia mguu mmoja tu, na mfupa huunga. Haikunipitikia kabisa kwamba nilikuwa nimemwibia mtu mikono yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akijilipisha wizi ule, kikombe baada ya kikombe.

Nikaamua kwenda kwa mzee kusema kweli. Brayson hakunisindikiza. Nilipata lifti ya lori la pumba, baiskeli yake juu ya magunia, breki ya maji ndani ya mfuko wa plastiki mapajani mwangu. Ilikuwa siku ya ishirini na tatu tangu ajali.

Nilimkuta mzee jikoni kwa mkewe, kwenye kigoda, mguu umenyooshwa katika plasta ngumu. Nilisema shikamoo, nikainamisha kichwa. Aliitikia marahaba, lakini kiganja hakikuja. Mikono ilibaki chini ya shuka. Nilikaa nimeinama kwa muda ule wa aibu, kisha nikanyanyuka.

"Baba, siku ile breki haikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima. Watu wote waliibana."

"Waliibana ikiwa baridi. Nakuomba uibane wewe mwenyewe, hapa."

"Sibani kitu mimi."

"Ukikataa nitakaa hapa mpaka hiyo plasta itolewe," nilisema. "Mimi si mtu wa adabu nyingi, baba, utanivumilia."

Mama Kisioki aligeuka kutoka kwenye sufuria, mwiko umesimama hewani. Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza. Mkono wa kulia ukatoka chini ya shuka polepole, mkavu, wenye madoa ya umri. Nilikuwa nimeweka kipande cha bati nene kati ya pedi ndani ya kalipa, badala ya sahani ya gurudumu. Nikampa liva. Akaibana. Ilisimama.

"Nzima," alisema, akataka kunirudishia.

"Ishike hapohapo."

Nikavuta makaa pembeni ya jiko kwa koleo, nikailaza kalipa juu yake, mpira umenyooka kutoka motoni hadi kwenye mkono wake.  Mama Kisioki alisogea akasimama nyuma yangu. Kidogo kidogo tukasikia kitu kinanong'ona ndani ya chuma, sauti ndogo ya sufuria iliyofunikwa.

"Sasa bana, baba."

Akabana. Liva ikaanguka hadi mwisho bila kizuizi chochote. Nilimwona akishtuka mwili mzima, kana kwamba ameanza kuteremka upya siku ile. Akabana tena. Breki haikuwapo. Nikaichukua kalipa kwa koleo nikaitumbukiza kwenye beseni la maji baridi, ikalia, nikangoja.

"Bana tena."

Ikasimama, ngumu kama mwanzo. Aliibana mara nne, mara tano. Pumzi yake ilikuwa inasikika.

"Nilitia maji badala ya mafuta," nilisema. "Nilikuwa najaribu. Sikumwambia mtu. Maji yalichemka njiani kwa sababu ulishuka kwa uangalifu, ukashikilia. Mikono yako haikuachia hata mara moja, baba. Ingeachia kidogo, pengine breki ingepona."

"Huku juu maji yana haraka," Mama Kisioki alisema taratibu, si kwa mtu yeyote.

Mzee aliniuliza swali moja. "Ulijua lini?"

"Kabla hujasukuma mguu."

Mama Kisioki aliketi chini palepale alipokuwa.  Mzee hakunipigia kelele, ingawa ningependa angepiga. Alimwambia mkewe amwite Kisioki.

Kisioki aliingia na fimbo ya baba yake mkononi, jitu la miaka thelathini na tano, mabega yamejaa mlango. Mzee alinionyesha makaa kwa kidevu. Nikairudisha kalipa motoni. Iliponong'ona, akampa mwanawe liva.

"Bana."

Kisioki akabana, ikazama. Akatazama ngumi yake.

"Bana kwa nguvu," mzee alisema.

Akabana mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Hakukuwa na kitu. Nilimweleza kwa maneno machache ni nini anachokishika, na nilitazama uso wake ukibadilika, kwanza kwangu kwa hasira, kisha kwa baba yake kwa jambo jingine.  Aliiegemeza fimbo ukutani, karibu na kigoda cha mzee, mahali ambapo mkono unaifikia, akasimama pembeni.

"Nani mwingine anajua?" mzee aliniuliza.

Hapo ndipo pangekuwa rahisi kuliko kote kusema uongo. Jina la Brayson lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu, zito. Nilimwona kwenye kopo la grisi, ameshika kichwa. Nilimwona Naipanoi kwenye benchi, akiniita wifi.

"Brayson, mdogo wangu. Nilimwambia baada ya ajali."

"Akasemaje?"

"Akasema nisiseme."

Sufuria ilikuwa ikitokota. Nilijua nimekivunja kitu ambacho sina spana yake. Mzee alijikuna kidevu kwa mkono ule wa kulia, mbele yetu sote, bila kuuficha.

"Hiyo baiskeli iliyoegemea nje ina nini ndani?"

"Mafuta, baba. Mbele na nyuma."

"Umeshuka nayo wewe?"

"Hapana. Mimi hutengeneza tu. Hupanda wengine."

"Basi leo panda," alisema. "Shuka kama nilivyoshuka mimi. Shikilia tangu juu, usiachie. Ukifika joshoni, urudi tuzungumze habari ya huyo mdogo wako."

Kisioki alimshika baba yake kwapani wakatoka hadi njiani, taratibu, mguu wa plasta ukiburuta vumbi. Niliipanda ile baiskeli isiyo na kiti. Katika miaka kumi na mmoja nimefunga breki ambazo sikumbuki idadi yake, na sijawahi hata mara moja kuuweka mwili wangu mwenyewe mbele ya kazi yangu. Njia iliteremka mbele yangu na kule chini niliona mbao mpya, nyeupe, walizozibia uzio wa josho.

"Inamisha kichwa," mzee alisema.

Nikainama juu ya usukani. Kiganja kikatua utosini, kikavu, kizito, kimetulia, kikakaa pale zaidi ya inavyohitajika kwa salamu. Kisha kikaondoka, nami nikasukuma mguu.

Kona ya kwanza niliikata nikiwa nimefumba macho nusu. Kufika ya pili vidole vilikuwa vinaniwaka, na harufu ya pedi za moto ilinipanda puani. Nyuma yangu hakuna aliyeshangilia. Liva ilikuwa bado imesimama chini ya vidole vyangu, au nilidhani imesimama. Mtu akiogopa hajui tena anachokigusa. Kona ya tatu ikaanza kufunguka, mbao nyeupe zikawa kubwa, na sikuachia.